Siku Moja Kabasa

Benedikta alikuwa anaijua njia ya kutoka Osaka kwenda maporomoko ya Minoo kuliko alivyoijua ya kwenda Butiama kwao. Ofisi moja ya utalii ya huko Japani ilimwajiri kujibu maswali ya wageni kwa simu, akiwa Nyakato, Musoma. Mgeni aliyetaka kutoka asubuhi na kurudi jioni, Benedikta alimwelekeza mji wa Nara kuona swala wanaoinamisha vichwa wakiomba biskuti, au Minoo, ambako majani ya miti hukaangwa kama maandazi.

Mwenyewe hakuwa akienda popote. Mama yake alipooza upande mmoja miaka sita iliyopita, na kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe.

Mwezi wa nane ofisi ikamwalika: wiki moja Oktoba, ajionee mwenyewe. Benedikta alikaa na ile barua siku tatu bila kuitaja. Mama ndiye aliyemuuliza, "Unaficha nini? Mbona siku hizi unachekaga peke yako?"

Alipoambiwa, mama alisema, "Nipeleke kwa Wanzagi. Na yeye nilimzaa."

Wanzagi, kaka yake, anaishi Kabasa, Bunda. Wakakubaliana kujaribu siku moja. Jumamosi saa mbili asubuhi Benedikta alimlaza mama kwenye chumba cha mbele, akamwelekeza wifi yake, Mbuke, namna ya kumgeuza na kumnywesha. Kisha akaenda Guta kwa rafiki yake. Walikula samaki, wakacheka mpaka machozi. Simu hakuitazama.

Aliporudi saa kumi jioni, harufu ilimpokea mlangoni. Mama alikuwa amelala vilevile alivyomwacha, shuka limelowa, midomo imekauka.

"Niliogopa kumshika, wifi," Mbuke alisema huku analia. "Nikaona kama nitamvunja."

"Na wewe kaka?"

"Mimi ni mwanaume, Benedikta. Nitamvuaje mama nguo?"

"Nilikuwa sawa tu," mama akasema. "Msigombane."

Benedikta hakugombana. Alichota maji, akamwogesha. Mgongoni aliona wekundu mpana kama kiganja.

Usiku huohuo aliiandikia ofisi kwamba hataweza. Kesho yake mama alipojua, hakumshukuru. Aliugeuza uso ukutani.

"Kidonda kingepona," alisema. "Sasa umenifanya mimi ndiyo kufuli lako. Nani kakutuma?"

Siku mbili uji alikunywa macho kafumba. Benedikta naye alimgeuza kila baada ya saa mbili, na mara moja, Mungu amsamehe, alimgeuza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mama akaguna. Benedikta akatoka uani, akasimama nyuma ya choo.

Oktoba walimpeleka mtu mwingine. Alimtumia Benedikta picha za maporomoko na za ngazi za kuyafikia. Mama aliomba aonyeshwe, akazitazama muda mrefu.

"Maji mengi," alisema. "Kwenye ngazi ungechoka wewe."

"Ningepanda, mama."