Mama mkwe alimnyoa binti yangu kipara, kesho yake shule inafunguliwa

Wakuu, hamjambo humu ndani. Kina mama wenzangu nawasalimu kwa namna ya pekee, maana leo nina jambo lenu.

Mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Miaka yote nakaa pembeni nacheka na nyuzi zenu. Ila juzi nimesoma uzi wa jamaa mmoja anasema watoto tunaowazalia huku nje hawana adabu, hawana lugha, hawana kwao. Nikasema hapana, huyu lazima nimjibu.

Ninayoyaandika yametokea nyumbani kwangu na sijaongeza chumvi. Pilipili kidogo labda.

Mwenzenu ni mzaliwa wa Tanga, naishi Johannesburg, mtaa wa Malvern. Kazi yangu ni ususi. Nina kisaluni changu Jules Street, kidogo tu, lakini kina jina. Mume wangu, Baba Mwanaidi, ni fundi magari. Mtoto tunaye mmoja, huyo Mwanaidi, amezaliwa hukuhuku. Wakati wa kisa hiki, Januari 2017, alikuwa anaingia Grade 4.

Kwa wasioujua mji huu: kiangazi cha huku ni Desemba na Januari. Shule zinafungwa, watu wanakwenda makwao, mtaa unabaki kimya mpaka unasikia mbwa wa jirani akipiga chafya. Katikati ya Januari wote wanarudi kwa pamoja, na kila mama anahangaika na sare, karatasi za kaki za kufunikia madaftari, na msusi.

Msusi ndiyo mimi. Siku za mwisho za likizo sijui hata chai ina ladha gani.

Sasa Desemba hiyo mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Mtoto wake alimtumia tiketi ya ndege, akatua na buibui lake jeusi na begi limejaa muhogo mkavu na mafuta ya nazi. Nilifurahi, sitawadanganya. Ni mama mcheshi, anajua kupika, na hajawahi kunisema vibaya mbele za watu.

Tatizo ni kwamba hakuja kutembea tu.

Siku ya pili mume wangu ndiyo ananiambia, tena akiwa anaangalia pembeni: "Mama anataka kurudi na Mwanaidi. Akasome Tanga. Nimeshakubali."

Nikamuuliza, umekubali na nani?

Akasema mtoto anakua hajui lugha ya kwao, hajui ndugu zake, akiitwa anajibu "Yebo" ya Kizulu badala ya "Abee". Akasema mwenyewe unaona.

Na kweli, wakuu, kwa nje ndivyo ilivyoonekana. Mwanaidi Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu kinachomiminika kama bomba limepasuka. Walio huku wanajua, watoto wetu wengi ndivyo walivyo.

Lakini kuna jambo lilitokea wiki ileile ya kwanza. Siku moja mezani Mwanaidi alijikakamua akamwambia bibi yake kwa Kiswahili kwamba samaki ni mtamu na anaomba mwingine. Sentensi ndefu, nzima, na lafudhi yake ya Kizulu humo ndani.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Baba mtu naye akacheka, akairudia ile sentensi kwa sauti ya mtoto. Hawakuwa na nia mbaya hata chembe.

Mwanaidi aliweka kijiko chini. Kuanzia siku hiyo, kwa bibi yake ikawa ni kutikisa kichwa, kuinua mabega, na "yes" na "no". Bibi akasema ndiyo unaona, mtoto hasemi. Tukimwacha hapa tumempoteza.

Mpango wao ukawa huu: siku ya kufungua shule twende wote, tumwambie mwalimu habari ya uhamisho, Mwanaidi aage wenzake, mwisho wa wiki bibi na mjukuu wapande ndege.

Mniambie nyie, mkwe anamwambia nini mama mkwe hapo? Kwetu huwezi kusimama ukasema mtoto haendi kwa bibi yake. Utaonekana huna malezi. Nilikuwa nakwenda saluni nafungulia maji ya kuoshea nywele mpaka mwisho, nalia.

Nilishikilia kitu kimoja tu. Nilisema kama ataaga, basi aage akiwa amependeza. Nilishanunua nywele, nilishapanga mtindo: mistari inakwenda nyuma, inakutana juu kama taji. Kichwa cha Mwanaidi ndicho bango la saluni yangu. Kila Januari wenzake wanamuuliza umesuka wapi, na mama zao wanakuja.

Siku ya mwisho ya likizo nikamwambia Mwanaidi, mama, nimalize wateja, ukifika jioni nakusuka wewe wa mwisho kabisa.

Kutwa nzima nimesuka vichwa vya watoto wa watu. Wanakuja na maringo yao, wanatoka wanajitikisa. Vidole vinawaka moto, lakini naweka akiba ya nguvu kwa ajili ya wangu.

Narudi nyumbani, namkuta mwanangu amekaa kibarazani na kofia ya shule kichwani, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Nikasema vua, uingie ndani tuanze.

Akavua.

Wakuu. Kipara! Kichwa kinang'aa kimepakwa mafuta ya nazi, jua la jioni linajiona humo.

Bibi yuko jikoni anafurahi mwenyewe. "Nimekupunguzia kazi, mwanangu. Shule inafunguliwa, mtoto na nywele zote zile? Sasa anafanana na mwanafunzi."

Waliosoma shule za msingi nyumbani wananielewa. Kwetu shule ikikaribia kufunguliwa, wembe unapita mji mzima. Mimi mwenyewe nilinyolewa kila Januari na mama yangu, nikakaa juani kukauka na wenzangu wote wenye vipara. Bibi alifanya anachokijua. Alifanya kwa mapenzi, na alimnyoa vizuri, hakumkwaruza hata kidogo.

Lakini mimi ni msusi! Mnanyoaje bango la mtu?

Nikaingia jikoni kunywa maji, nikakuta mezani sahani kubwa ya skonzi za moto. Nikauliza zimetoka wapi.

"Kwa yule jirani yenu mnene, Gogo Thandi," bibi akaniambia. "Kaja na wenzake wawili wa kanisani. Huyo mama ana upendo, mie sijaona! Kanishika mikono hii, kafumba macho, kaomba kwa lugha yao, kisha wakaimba kidogo. Nami nikaitikia amina. Majirani kama hawa Tanga tumebaki nao wachache."

Nikala skonzi moja kwa hasira. Sikuwaza chochote. Ningekuwa na akili zangu siku ile ningewaza.

Mwanaidi hakulia. Alikaa na bibi yake wakafunika madaftari kwa karatasi za kaki. Bibi anakunja pembe kwa ule ujuzi wa zamani usiohitaji gundi, Mwanaidi anamtazama vidole, anafuata. Hawasemi neno. Nikawaangalia nikaona jinsi wanavyofanana mdomo wakiwa kazini, nikaondoka pale.

Asubuhi tukatoka watatu. Bibi na buibui lake jeusi katikati, Mwanaidi na gauni jipya la sare na kofia isiyoficha kisogo kile kinachong'aa upande huu, mimi upande huu. Baba mtu alikwenda kazini, wanaume mnajua kuchagua siku.

Njiani naona watu wanatupisha. Mzee mmoja kavua kofia. Muuza ndizi ambaye kila siku ananitania, siku hiyo kanisalimia kwa sauti ya chini, macho yako kwenye kichwa cha mwanangu. Hata hapo sijashtuka.

Tukafika getini. Mwalimu wake, Mam Khumalo, anapokea watoto kwa makelele na vicheko. Alipotuona kicheko kikakata. Akaja mbio, akaweka mkono kifuani, akainama kwa Mwanaidi.

"Oh shame, my baby. Kushone bani?"

Yaani, pole mwanangu, nani amefariki.

Hapo ndipo skonzi za jana ziliponipanda kooni. Huku, wakuu, kwa watu wengi mtoto kunyolewa kichwa kizima ghafla ni msiba. Kafiwa na mzazi au mtu wa karibu. Na kumbe sisi tumepita Jules Street nzima na mama mzima wa buibui jeusi na mtoto mwenye kipara, na jana yake bibi kapokea rambirambi akaitikia amina.

Aibu iliniganda. Watoto wametuzunguka, wengine wanataka kulia, mmoja ameshaanza kumkumbatia.

Bibi ananivuta mkono: "Anasema nini mwalimu? Mbona wote wananyong'onyea?"

Nikamtazama Mwanaidi. Nilijua anachoweza kusema. Alikuwa na hasira yake ya haki. Angesema tu, bibi yangu kaniharibia nywele, watoto wote wangecheka, na bibi angesimama pale kama mtu wa porini. Tena angekuwa amesema kweli.

Mwanangu akavua kofia, akaishika mbele kwa mikono miwili. Akamwambia mwalimu, Kiingereza na Kizulu vikiwa pamoja, na kila mtu akasikia: "Hakuna aliyekufa, Mam. Huyu ni gogo wangu, bibi yangu, ametoka mbali, Tanga. Kwao shule ikianza, bibi anakunyoa yeye mwenyewe ili uanze mwaka ukiwa safi. Kaninyoa kwa sababu anataka nifanye vizuri."

Halafu akamgeukia bibi yake. Kwa Kiswahili.

"Bibi, mwalimu anakupa pole. Alifikiri tumefiwa. Huku watu wakinyoa hivi, ni msiba. Nimemwambia hakuna msiba. Nimemwambia ni wewe umenitayarisha."

Lafudhi ni ileile ya siku ya samaki. Hakuna aliyecheka.

Bibi akauachia mkono wangu. Akamtazama mtoto toka juu mpaka chini.

"Kumbe unasema?"

"Nasema, Bibi. Mlinicheka."

Jamani. Nimezaa, nimefungua saluni kwa mikono yangu, nimepata mengi ya kujivunia. Lakini sijawahi kujivuna kama nilivyojivuna getini pale, na kipara kile kinapigwa na jua.

Bibi akaweka kiganja juu ya kichwa cha mjukuu wake akakiacha hapo. Akasema, "Nisamehe, mke mwenzangu." Kwa wasiojua, kwetu bibi humwita hivyo mjukuu wa kike, ni utani wa mapenzi. Mwanaidi akatabasamu, akavaa kofia, akamuaga bibi yake na kukimbilia darasani. Wenzake wakamfuata wanaomba wakiguse kichwa.

Mam Khumalo akanigeukia akauliza kama kuna jambo lingine nililokuja nalo. Ahadi ni ahadi, nikaanza: "Mam, about the transfer..."

Bibi Kiingereza hajui, lakini neno hilo alilisikia mezani kwetu mwezi mzima. Akanishika kiwiko.

"Hebu muache mwalimu, ana watoto wa watu wanamsubiri. Twende zetu nyumbani."

Nikamwambia, "Mama, na ile habari?"

"Habari ipi? Baba yake nitasema naye mwenyewe."

Nikalia barabarani mchana kweupe, na safari hii sikufungulia maji. Bibi akajifanya anaangalia madirisha ya maduka.

Tulipofika alipita kwanza kwa Gogo Thandi kurudisha sahani. Hairudishwi tupu, akaijaza visheti. Nilitafsiri mimi, na yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mwisho wa wiki bibi alipanda ndege peke yake. Siku zote zilizobaki yeye na Mwanaidi walikuwa wanaongea mpaka nikatamani ule ukimya wao.

Sasa nimjibu yule jamaa wa "hawana adabu, hawana kwao". Kaka, mtoto wako si kwamba hana lugha. Huenda siku aliyoitoa mlimcheka. Akikosea muitikie kwanza, maongezi yaendelee, mengine yatajinyoosha. Na adabu haimo kwenye lafudhi. Wangu aliificha aibu ya bibi yake mbele ya shule nzima, na aliyekuwa na kipara ni yeye.

Nyie mnaolea ugenini, wa kwenu wanawajibu kwa lugha gani? Na nyie mliopelekwa kwa bibi mkiwa wadogo, mlionaje? Tiririkeni, nipo saluni nasoma katikati ya vichwa.

EDIT: Naona wengi mnauliza kama mwaka huu amenyolewa tena. Likizo ilipokuwa inaisha, Mwanaidi alichukua simu yangu akampigia bibi yake mwenyewe.

"Bibi, shikamoo. Mwaka huu ninyoe au nisuke?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Mwambie mama yako akusuke, ale riziki yake. Na yule jirani nisalimie sana. Mwambie skonzi zake nazikumbuka, safari hii nikija asingoje msiba."

Nikafungua saluni. Foleni ya kina mama na watoto imeshafika mlangoni. Nikamkalisha Mwanaidi kwenye kiti wa kwanza kabisa, wateja wakasubiri.