Likizo ya Kumtembeza Mama

Kosa nililifanya mwenyewe, tena kwa mdomo wangu. Mama alipopata viza ya kuja kunitembelea Stockholm kwa miezi mitatu, nilimwambia kwenye simu, "Njoo tu, mama, nitachukua likizo nikutembeze." Ningemwambiaje ukweli? Kanisani kwake Nakuru walijua binti yake ana kazi ya maana Ulaya. Akakata simu, akaenda kuwatangazia.

Likizo! Likizo gani? Mimi ni kibarua wa saa kwenye makao ya wazee. Asubuhi ujumbe unaingia kwenye simu: kuna zamu, nani anaitaka? Anayejibu kwanza ndiye anayepewa. Ukikataa mara mbili tatu, simu inanyamaza, na kodi ya nyumba haijui kunyamaza. Siku ya likizo sina hata moja. Niliwahi kumuuliza bosi, akanieleza kwa upole kabisa kwamba pesa za likizo yangu zimeshatiwa ndani ya malipo ya kila saa. Haya basi. Sasa mama yangu ningemtembeza ndani ya saa ipi?

Alipofika, wiki ya kwanza nikamwambia likizo imesogezwa mbele kidogo. Ya pili, kuna mwenzangu mgonjwa. Akasema, "Pole, mama. Kazi ni kazi." Lakini kila asubuhi alivaa gauni la kanisani na kofia ya sufu, akakaa jikoni kwetu mtaani Husby, mkoba mapajani. Aliogopa likizo itatangazwa ghafla imkute hajajiandaa. Mimi huyo, saa kumi na mbili na nusu nishatoka kwenda kuwaogesha mama za watu, kuwachana nywele, kuwauliza wamelalaje. Nikirudi namkuta wangu amepika, amepiga deki, na gauni bado analo mwilini. Kuna siku nilimkaripia, naona haya hadi leo. "Si uvue hayo manguo, mama, huendi popote!" Akaenda kuvua, polepole. Woi, mdomo huu.

Wiki ya mwisho nikajiapiza: Jumamosi ni yake, liwe liwalo. Tungepanda feri, tungekula keki mjini, tungepiga picha za kuwapelekea akina mama wa kanisa, maana mgeni akirudi bila picha ni kama hakwenda. Asubuhi hiyo tulikuwa mlangoni, namfungia zipu ya koti, simu ikalia: ujumbe wa zamu. Aki ya Mungu, sikufikiri. Kidole kiliandika "Ja", ndiyo, chenyewe, kama kila siku, kabla sijakumbuka ni Jumamosi gani. Nikapiga simu kuomba niirudishe ile zamu. Mwanamke anayepanga zamu akasema naweza kuirudisha, hakuna shida, ila majira ya joto yakija, zamu zikiwa tele, asingejua kama mimi ni mtu wa kutegemewa.

Mama hakuelewa Kiswidi, lakini alikuwa akinitazama uso. Akaanza kufungua zipu mwenyewe.

"Nenda," akasema. "Mimi baridi hii hata singeiweza."

Ilikuwa Mei, na jua limejaa kwenye ngazi. Nilikwenda. Nililia ndani ya treni mpaka mtu akahamia kiti cha mbali. Jumanne akapanda ndege.

Jumapili iliyofuata nilimpigia. Nyumba yake ilikuwa imejaa akina mama wa kanisa waliokuja kumkaribisha, akaniweka kwenye spika. Nikamsikia akiwasimulia tulivyopanda feri, jinsi keki ilivyokuwa tamu, tulivyozunguka jumba la mfalme hadi miguu ikauma. Mmoja akauliza picha ziko wapi. "Simu niliyokwenda nayo ilianguka majini," akasema, bila kusita. Mama yangu, shemasi, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata mtoto. Kisha akaniita.

"Hebu waambie wewe, mwanangu. Si ulichukua likizo mwezi mzima kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Wakanipigia vigelegele.