Mama Mkwe, Paka na Tivi ya Inchi Ishirini na Nne

Mimi si mtu wa kushindwa na kitu chenye rimoti. Nasema hivi bila kujificha, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha. Nina kibanda pale Emali, karibu na stesheni ya reli, ambapo natengeneza redio, simu na televisheni, na wanaonijua watakuambia kwamba kifaa kikinishinda mimi basi hicho ni cha kutupwa. Madereva wa malori huniletea redio zimekufa fofofo na kuzichukua zikiimba. Kwa hiyo mke wangu aliponipigia simu kutoka Kitui na kuniuliza kama naweza kuitoa picha ya simu niitie kwenye tivi ya mama yake bila waya, nilicheka. Nilimwambia hiyo ni kazi ya dakika mbili, na dakika ya pili ni ya kunywa chai.

Jambo lenyewe, hata hivyo, halikuwa la kuchekesha. Mama mkwe wangu alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, mzee wa miaka sabini na kitu, na huyo alikuwa amelazwa hospitalini Kitui akisubiri kupasuliwa tumbo kesho yake asubuhi. Madaktari hawakuwaficha watu wake: kwa umri ule, angeweza kuingia chumba cha upasuaji asiamke. Mama naye alikuwa kwake, karibu na soko la Mbumbuni, kitandani tangu avunjike nyonga, hawezi hata kufika mlangoni. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Ukimwekea simu mbele ya uso aliona mwanga tu na kitu kinachochezacheza, lakini kwenye tivi bado aliwatambua watu, mradi iwe karibu. Ombi lake lilikuwa moja. Alitaka waonane, yeye na mdogo wake, kabla hajakatwa.

Wageni waliruhusiwa wodini kuanzia saa saba hadi saa nane mchana. Mke wangu angekaa kando ya kitanda cha mjomba wake na simu yake, nami ningekuwa Mbumbuni na yangu. Ungefikiri ni rahisi.

Tatizo ni kwamba mimi ni mkwe. Kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni, ile haya iliyoko kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Hampeani mikono, hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia vichakani. Siku hizi wengi wameilegeza. Nina marafiki wanaokula meza moja na mama wakwe zao na kubishana nao siasa mpaka chai inapoa. Mama mkwe wangu hakuilegeza hata kidogo. Kanisani ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama, lakini kwa habari ya nthoni hakuna mchungaji aliyethubutu kumgusia. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa nilimjua kwa sauti, kwa mgongo, na kwa ncha ya leso ikitokomea mlango wa jikoni kila nilipopiga honi ya pikipiki langoni. Hata siku ya harusi yetu alikaa nyuma ya akina mama wenzake, amejitanda hadi kwenye nyusi. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona. Sikulalamika. Katika miaka hiyo yote hatukuwahi kukosana hata mara moja, na sijui ni wakwe wangapi wanaoweza kusema hivyo.

Tangu avunjike nyonga hakuweza tena kunikimbia, kwa hiyo kazi ya kukimbia ikawa yangu. Nikija naishia kwenye tangi la maji, hatua chache kutoka dirisha la sebule, ambako kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa. Tivi niliinunua mimi na kuipachika mwenyewe ukutani wakati yeye bado yuko hospitali: inchi ishirini na nne, ya kutumia sola, ndogo lakini haina mchezo. Niliiweka kando ya mlango, ikielekea kitandani.

Na hapo ndipo sifa zilipoanza kunipanda kichwani. Kama ni mambo ya waya, nilijiambia, ningelazimika kuingia ndani. Bila waya, ukuta wa matofali si kitu. Ningesimama zangu kwenye tangi, picha ipite ukutani, mama amwone mdogo wake, na nthoni ibaki pale pale ilipoachwa na mababu. Jirani mmoja, mama aliyekuwa akimsaidia, angebonyeza rimoti. Nilitoka Emali nikijipigapiga kifua, nikiamini sijawahi kuwa na mpango safi kama huo.

Nilipofika, jirani hakuwepo. Alikuwa ameitwa shuleni ghafla kwa ajili ya mtoto wake. Tulikuwa wawili tu katika boma lile, mimi na mama mkwe, jambo ambalo nthoni hailipendi hata kulisikia. Saa ilikuwa saa saba na robo.

Nikakohoa. Sauti ikatoka dirishani.

"Paka," ilisema, "hebu muulize huyo aliye nje kama ndiye mtu wa tivi."

Nilielewa mara moja. Hatungezungumza sisi. Angezungumza paka.

"Paka, mwambie mama ni mimi, nimefika salama. Mwambie ashike rimoti."

"Paka, rimoti iko mkononi. Abonyeze wapi?"

"Paka, mwambie kuna kitufe kina alama ya nyumba, huku juu."

Alipapasa, akabonyeza, na mhubiri mmoja akaanza kunguruma sebuleni kwa sauti ya juu kabisa. Tukamnyamazisha. Tukarudi kwenye ile alama ya nyumba, tukashuka mara tatu, tukaenda kulia mara moja. Nilikuwa nakumbuka mpangilio wote wa tivi ile kichwani kama njia ya kwenda kwetu. Katikati ya mazungumzo paka mwenyewe alitoka ndani, akaja kukaa kwenye kivuli cha tangi akijilamba miguu, nasi tukaendelea kumtuma hivyo hivyo.

"Paka, mwambie kumetokea maandishi. Siyasomi."

"Paka, mwambie asiyajali. Abonyeze kile cha katikati, cha mviringo."

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Imeshika! Picha ya wanangu niliyoiweka kwenye kioo cha simu ikapita ukuta wa matofali na kutokea ndani.

"Aiya, paka! Wajukuu wangu hao!"

Nilifurahi mpaka nikapiga tangi kofi. Nikampigia mke wangu simu ya video.

"Baba watoto, hiyo network iko sawa?" aliuliza. "Nurse amesema ni saa nane sharp, hataki stori."

"Network ni ya kwangu au ya nani? Leta mjomba."

Aliinamisha simu, na uso wa mjomba ukajaa kiooni, umekonda, mashavu yameingia ndani, lakini macho yako macho. Ndani ya nyumba mama akapiga ukelele ambao sitausahau. Akamwita mdogo wake kwa jina lake la utotoni, mara mbili, mara tatu.

Mjomba alikunja uso.

"Dada yangu yuko wapi?" alisema. "Mimi hapa naona tangi tu, na kijana mwenye ndevu."

Tivi inapokea picha, basi. Haina jicho, haina sikio. Jicho na sikio la dada yake vilikuwa mkononi mwangu mimi, nje, juani, na hata sauti ya mjomba ilikuwa inatokea kwenye simu yangu, haifiki kwenye tivi. Mama alimwona mdogo wake akifungua na kufumba mdomo kama samaki, naye mdogo wake hakumwona kabisa. Mtoto wa darasa la nne angeliona hilo kabla ya kutoka nyumbani. Mimi, fundi mzima, nilikuwa nimekazana kutafuta njia ya kutoingia ndani hata nikasahau tulichoombwa. Nilikuwa nimeula wa chuya, na niliona aibu kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Nilikimbilia dirishani. Kulikuwa na nondo, na nyuma ya nondo wavu wa mbu niliougongomea misumari mimi mwenyewe, na nyuma ya wavu pazia la maua.

"Sasa naona maua," mjomba alisema.

Nikazunguka hadi mlangoni, nikailaza simu kwenye kizingiti na kuisukuma ndani kwa fimbo ya ufagio, uso nimeugeuzia uani.

"Sasa naona mabati. Kwani mnanionyesha nyumba? Sinunui."

Nikaivuta tena. Saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

"Ingia ndani!" mke wangu alifoka.

"Niingie wapi? Unajua huyo ni nani kwangu?"

"Ni mama yangu, si simba! Mficha uchi hazai! Unataka mjomba aende theatre bila kumuona?"

Nilisimama pale mlangoni na simu yangu ya maana na ujuzi wangu wa miaka mingi, na mguu haukunyanyuka. Wasiotoka kwetu watasema ni ujinga. Mimi nasema nilikuwa naogopa kumvunjia heshima mtu ambaye hakuwahi kunivunjia yangu. Ndani mama alikuwa amesikia kila neno.

"Wewe," alisema.

Paka alikuwa bado kwenye tangi. Neno lile lilikuwa langu.

"Wewe, ingia na hiyo simu. Mimi na nthoni tutaelewana baadaye."

Niligeuka, nikaingia kinyumenyume. Kisigino kiligonga kizingiti, nikajishika kwenye mlango, nikaendelea kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikagusa ukingo wa kitanda. Nikainua simu juu ya bega, kioo kikimwelekea yeye, mgongo wangu ukiwa kwake na uso wangu ukutani. Nilijiona nimepata njia ya katikati. Nilikuwa nimefanya alivyotaka na sikuwa nimemtazama.

Ila kwenye ukuta ule ndiko nilikoipachika tivi. Picha ilikuwa imesimama katikati, nyembamba, na weusi pande zote mbili. Mjomba alikuwa mkubwa. Na kwenye kona, katika kile kipicha kidogo ambacho kila aliyewahi kupiga simu ya video anakijua, alikuwa mama mkwe wangu.

Nikafumba macho haraka.

"Namwona!" mjomba alipiga kelele. "Namwona dada! Namwona... shingo. Sasa ukuta. We kijana, simu inaenda wapi?"

Sikujua nalenga wapi.

"Umefumba macho?" mama aliuliza, nyuma yangu kabisa.

"Ndiyo, mama."

"Utalengaje ukiwa umefumba macho? Yafumbue. Mtu amekaa hospitali ananingoja mimi, si ukuta."

Nikayafumbua. Ulikuwa uso mdogo, mwembamba, wenye pengo mbele na michirizi miwili ya machozi kando ya pua. Ulikuwa paji la uso la mke wangu, ila limetangulia miaka thelathini. Niliupenda papo hapo, nasema wazi, na nilisikitika kwamba ulikuwa umekaa karibu yangu miaka kumi na sita. Nikainua simu kidogo, nikaisogeza kushoto, nikaushika uso ule katikati ya kipicha na kuutuliza hapo. Kazi hiyo niliijua.

"Umekonda," mama alimwambia mdogo wake.

"Na wewe umezeeka. Meno yako yameenda wapi?"

"Nimekuachia wewe. Bado unakula nyama."

Wakacheka, mmoja kwenye tivi na mwingine mgongoni kwangu. Kisha wakanyamaza, kwa muda mrefu hivi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Nikaangalia. Haukuwa umekatika. Walikuwa wanatazamana tu.

"Unaogopa?" mama aliuliza.

"Naogopa."

"Mimi pia naogopa."

Katika kile kipicha cha kona niliuona mkono wa mama ukiinuka, ukikua, ukija mpaka ukakifunika chote. Alikuwa amekigusa kioo cha simu pale alipodhani pana paji la uso la mdogo wake, na vidole vyake vikashuka, vikapita juu ya vidole vyangu. Vilikuwa vikavu na vya moto. Sikuondoa mkono, wala yeye hakuuvuta wake.

Kwa mbali nesi akasema muda umekwisha, wageni watoke. Mke wangu alijaribu kumsihi.

"Mwache," mjomba alisema. "Nimemwona dada. Sasa wanaweza kunikata."

Simu ikakatwa. Nilibaki nimesimama katikati ya sebule, mkono bado juu ya bega na bega linawaka moto, sijui nitoke vipi.

"Shusha mkono, mwanangu," alisema mama. "Ameshaniona."