Mwanamke Aliyeitwa Frau

Nilianza kumshuku mume wangu siku aliposema binti yetu Neema asome shule ya msingi ya Kiingereza na Kijerumani, mjini Saint Paul, hapa Marekani. Sisi ni Waluhya, tunaishi Maplewood, na hata ukimsemesha Kiswahili mtoto anajibu kwa Kiingereza. Kijerumani cha nini?

"Akili yake itapanuka, Mama Neema," akanijibu.

Kisha nikaanza kumsikia kwenye simu, kwa sauti laini ambayo sijaisikia tangu harusi yetu: "Yes, Frau. Thank you, Frau." Nikajua shule ni kisingizio tu. Kuna mwanamke.

Siku ya wazazi kutembelea shule, bwana alipiga shati pasi mwenyewe, akajipulizia manukato. Nikaomba ruhusa hospitalini ninakofanya kazi, nikaingia kwenye gari bila kualikwa.

Walimu walitupokea ukumbini. Mmoja, mwanamke mrefu, akamchekea mume wangu na kumpa mkono. Mbele ya wazazi wote nikauliza, kwa Kiingereza changu cha hasira, "Ni nani hapa anaitwa Frau?"

Walimu wote wa kike wakainua mikono.

Mume wangu akainama kama anayefunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Yule mwalimu mrefu akanisogelea, akatabasamu. "Frau ni 'Bi' kwa Kijerumani," akasema. "Hata wewe, mama, ni Frau."