Mkono Uliorudi kwa Kusalimia

Kabla sijaugua nilikuwa fundi cherehani mtaani Buyenzi, hapa Bujumbura. Baraza letu lilikuwa na mafundi wawili, mimi na rafiki yangu Yusufu, kila mmoja na cherehani yake. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mke wangu Zaina, na watoto wanne. Ilikuwa miaka ya vita. Siku nyingine tulisikia mizinga kutoka milimani, na kesho yake tulifungua kazi kama kawaida, kwa sababu watoto wa shule walihitaji sare zao za kaki na watu waliendelea kuoana.

Sikuwa mtu wa huzuni. Nilikuwa mtu wa kuahirisha. Nikialikwa kwenye karamu nilijibu, "Tutafurahi vita vikiisha." Zaina akitaka twende ufukweni Jumapili na watoto, nilimwambia tungoje nchi itulie kwanza. Hata vidonge vya tansiyo, yaani shinikizo la damu, nilivyopewa zahanati nilivimeza siku kichwa kilipouma tu. Kikiacha kuuma, nilivirudisha juu ya kabati.

Asubuhi niliyougua nilikuwa nakata kitambaa cha suruali. Mkasi ulianguka. Niliuokota, ukaanguka tena. Mara ya tatu niliutazama mkono wangu wa kulia, nikaona vidole vimelegea kama si vyangu. Nilitaka kumwita Yusufu, lakini ulimi ulikuwa mzito na mate yalinitoka upande mmoja wa mdomo.

"We Saidi," alisema bila kuinua kichwa, "umekunywa nini asubuhi yote hii? Na we Muislamu!"

Kisha akanitazama. Akaacha kucheka.

Siku hiyo mji ulikuwa umefungwa. Watu walikuwa wameonywa wasitoke mitaani mwao, na hapakuwa na gari hata moja barabarani. Yusufu aliazima baiskeli, akanikalisha nyuma yake, akanifunga mgongoni kwake kwa kile kile kitambaa cha kaki nilichokuwa nakata, kama mama anavyobeba mtoto. Hivyo ndivyo nilivyofika hospitali. Njiani nilijikojolea. Yusufu alijua, maana mgongo wake ulilowa, lakini hajawahi kulisema mbele ya watu. Nalisema mimi mwenyewe, ili mgonjwa anayesoma haya na ambaye jambo kama hilo limempata asidhani kwamba yuko peke yake.

Daktari alinipima mara mbili. "Ni kiharusi, mshipa wa kichwani," alimwambia Zaina. "Imeletwa na tansiyo. Alikuwa anakunywa dawa?"

"Siku kichwa kinamuuma," Zaina alijibu.

"Mama, tansiyo haiumi. Ndiyo maana inaua batu."

Nilikaa hospitali wiki tatu. Wiki ya kwanza Zaina alinigeuza kila baada ya saa chache ili mgongo usitoke vidonda. Wiki ya pili mguu ulianza kunisikiliza. Wiki ya tatu nilitembea hadi chooni nikishika ukuta, na ulimi ulikuwa umefunguka kiasi cha kusema sentensi nzima. Mkono tu ndio ulibaki ukining'inia.

Aliyeushughulikia alikuwa kine mmoja, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, mama mnene mwenye vidole vya chuma, jina lake Domitila. Alikuwa akitoka Kanyosha kila siku barabara ilipokuwa wazi, na ilipofungwa alikuja hivyo hivyo, amechelewa, viatu vimejaa vumbi.

"Mukono huu unajua kazi," aliniambia. "Umesahau njia tu. We uuonyeshe njia kila siku. Kidogo, lakini kila siku. Ukiruka siku moja, umerudi nyuma."

Nilifuata maneno yake kwa utaratibu wa kifundi. Nyumbani nilifungua vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, nilikunja kiwiko, nilitelezesha kiganja juu ya meza kwenda na kurudi. Kisha niliuegemeza mkono kwenye mwimo wa mlango wa chumbani, nikausukuma juu na kuweka alama kwa chaki ya kushonea pale ulipofika. Alama ya kwanza ilikuwa karibu na kitovu. Baada ya miezi miwili ilifika kwenye mbavu. Hapo ikasimama. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, chaki ilirudia pale pale hadi mbao ikawa nyeupe.

Ni lazima niseme nilikosea wapi. Kwetu mkono wa kushoto ndio wa kujisafishia. Haushiki chakula, na haumpi mtu salamu. Anayekunyooshea mkono wa kushoto amekutukana, hata kama hakufungua mdomo. Zaina alinilisha kwa mkono wake, hilo nililivumilia kwa sababu lilikuwa ndani. Lakini nje ya mlango wangu mtu hawezi kupiga hatua kumi bila kupewa mkono. Kwa hiyo sikutoka. Niliazimia kwamba nitatoka mkono ukipona. Nilikaa nyuma ya pazia na redio yangu, na wageni walipobisha, Zaina aliwaambia nimelala. Siku zilifanana. Nilianza kukosa hamu ya uji, kisha ya mazoezi, kisha ya kuzungumza na watoto wangu. Naamini miezi ile nilikuwa nakufa polepole, na si kwa sababu ya mshipa.

Siku moja Yusufu alikuja.

"Amelala," Zaina alisema.

"Tena? Usingizi gani huu unakohoa na kupunguza redio?"

Nilikuwa nimefanya vyote viwili.

"Mwambie," Yusufu aliendelea kwa sauti ya kunifikia, "mi nashona peke yangu pale, na wateja wake wananiudhi. Wanasema vifungo vyangu vinapinda. Kama hataki kuja kushona, aje kunitetea!"

Alipoondoka, Zaina alifungua pazia lote, hata mwanga ukaniumiza macho.

"Mi nimechoka kukudanganyia batu," alisema. "Unangoja mukono upone ndiyo usalimie?"

"Nitawapa mkono gani?"

"Na vita je? Tungoje viishe ndiyo tucheke? Miaka ngapi sasa tunangoja? Batoto wanakuwa wakubwa mu nyumba yenye baba amelala!" Alikaa kando yangu na sauti yake ikashuka. "Nionyeshe. Ukisalimia mutu wa heshima, unafanyaje?"

Nilimwonyesha. Kwetu Burundi unatoa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika mkono huo chini ya kiwiko. Ndiyo adabu. Nilishika, na kwa kuushika niliuinua, na mkono wangu uliokufa ukasimama mbele ya kifua chake kama mkono wa mtu mzima. Zaina aliupokea.

"Kumbe!" alisema, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "We muheshimiwa, karibu!"

Kesho yake asubuhi nilitoka. Wa kwanza kukutana naye alikuwa Odeta, msichana anayeuza mboga za lengalenga na nyanya kwenye kona. Nilimnyooshea mkono ule kwa heshima ile. Akaruka nyuma.

"Muzee, apana! Mi ndiyo wa kukuheshimu vile. Utaniletea mukosi!"

Nilitaka kurudi ndani. Badala yake nilimwambia kweli yote: mkono umelala, na hii ndiyo njia pekee ya kuunyanyua. Kisha akaweka nyanya chini, akaukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili na kuubana kwa nguvu.

"Basi unipe kila asubuhi," alisema. "Nitakwambia kama unaamka."

Tangu siku hiyo nilijiwekea sheria: salamu kumi kabla ya chai. Siku za jua, siku za mvua, siku za hofu. Siku ambazo hapakuwa na watu njiani niliwahesabu majirani uani. Nilikuwa nimetoka kutafuta salamu, lakini nikajikuta nikipata habari za watoto, mizaha, hata mabishano ya mpira. Askari mmoja kwenye kizuizi aliniamuru niinue mikono juu. Niliinua wa kushoto. "Na ule mwingine?" aliuliza kwa ukali. Nikamjibu, "Afande, huo unaungoja huu uushike." Alinitazama, akacheka, akanipa mkono. Alikuwa wa saba siku hiyo.

Kwenye mwimo wa mlango, chaki ilivuka mbavu mwezi huo huo. Ikafika kwapani. Ikafika begani. Domitila alipokuja nyumbani na kuona, hakuamini, akanigeuza kiwiko huku na huku kama anayekagua bidhaa. "Nani anakufanyisha mazoezi?" aliuliza. Nikamwambia, mtaa mzima.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kiangazi. Nilimpa Odeta mkono kama kawaida, naye akapiga kelele hadi watu wakageuka.

"Muzee, unaniumiza!"

Nimesifiwa mara nyingi kwa suti nilizoshona. Hakuna sifa iliyonifurahisha kama kelele ile.

Nilirudi barazani. Kidole cha mwisho hakijaamka hadi leo, na matundu ya vifungo namwachia Yusufu, naye hachoki kunikumbusha. Vidonge nameza kila siku, kichwa kiume kisiume, na wewe mwenye tansiyo nakuomba ufanye hivyo hivyo kuanzia leo. Namshukuru Mungu. Namshukuru Zaina, aliyefungua pazia. Nawashukuru walionipa mikono yao bila kuuliza wangu una nini.

Kama unaumwa, usiuwekee uzima masharti. Tafuta jambo dogo linalokukutanisha na watu, lipe saa yake, ulifanye hata siku usiyolitaka. Mimi na Zaina tulianza kwenda ufukweni Jumapili, vita vikiwa bado. Tulibeba mahindi ya kuchoma, tukarudi mapema kabla ya saa ya kufunga njia. Miaka ilipita, na amani ilipokuja nilifurahi na kutoka barabarani pamoja na wengine. Lakini haikuja kunianzishia furaha. Ilinikuta ninayo, nikaikaribisha.