Nilivyowaitikia Wote Wawili

Ilianza Jumapili, siku ya Mungu, saa tisa na nusu mchana. Papa na Mama walikuwa wamefika kutoka mkutano wa wazazi kwenye masomo ya Leta, ile shule ya serikali, matope hadi magotini. Walikaa barazani, hakuna aliyeomba hata maji.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa nane wa masomo. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha: ama kule kwa Leta, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, ama kwenye masomo madogo ya parokia, hapa Kingi.

"Watoto watano kwa benchi ya watatu," Papa akasema, akikwangua matope na kijiti. "Na vile vyoo, Mama, uliviona?"

"Niliona. Lakini na mwalimu wa shimi, ile kemia, uliona. Anaeleza bila kutazama kitabu. Hapa kwetu shimi inafundishwa na nani? Mwalimu wa dini!"

"Maji kuwa divai, ile si shimi?"

Mama alicheka kidogo tu, kama mtu aliyebeba mzigo.

"Mutoto huyu hasemi," Papa akaendelea. "Kwa umati ule, akikosa wiki nzima, nani atajua? Na masasi ikilia, tutamutafutia wapi?"

Mwaka uliopita tulikimbia vita mara mbili.

"Na yeye mwenyewe anapenda hapa karibu," Papa akasema. "Aliniambia ndiyo."

"Ndiyo gani? Miye njo aliniambia ndiyo, ya Leta, tukipalilia maharage!"

Wakanigeukia. Nilikuwa mlangoni namenya mihogo. Wote wawili walisema kweli. Mtu akiniuliza jambo tukiwa wawili tu, ninamwitikia ili aache kuniangalia.

"Ona mutoto wa kura mbili!" Mama akasema.

Papa hakucheka. "Tumechosha miguu juu ya ndiyo yako. Kesho asubuhi utasema moja. Usiposema, utabaki hapa kwa parokia."

Ule umati unaniogopesha, sitaficha. Lakini nataka kuwa muuguzi, na mwalimu wa dini anaruka kila ukurasa wenye hesabu.

Asubuhi Papa alikuwa tayari shambani. Nilisimama nyuma yake. Akaendelea kulima.

"Ya Leta," nikasema.

Hakusikia. Nikarudia kwa nguvu, hata jirani akainua kichwa.

Papa akaegemea jembe. "Na ule umati?"

"Naogopa, Papa. Lakini njo ile naitaka."

Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Basi enda unawe miguu, twende kukuandikisha. Njia iko ndefu, na uchovu ya jana haijanitoka."

Nikaenda kunawa miguu.