Diski Yenye Posho Yake

Sikumwamini muuza duka tangu aliponiuliza kompyuta yangu ina umri gani kabla ya kuniuliza ninataka nini. Duka lake liko Mtendeni, pembeni ya muuza asali, na harufu ya nta ilikuwa imeingia mpaka kwenye maboksi ya chaja. Nilikuwa nimetoka Itetemia asubuhi na kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa, kwa sababu ilikuwa imeanza kuzimika yenyewe, na ndani yake kulikuwa na sauti ya mama.

Mama alifariki mwaka juzi. Kwa misimu mitatu kabla ya hapo nilimrekodi akibangua karanga na kuzungumza, Kinyamwezi na Kiswahili vikipishana, habari za babu yake aliyekwenda pwani kwa miguu na mzigo wa mtu mwingine begani. Katikati ya safari hiyo ya wapagazi mama alifukuza kuku, akamsema jirani, akaimba vibaya. Riwaya yangu ilikuwa inatembea juu ya sauti hiyo. Rekodi zilikuwa kumi na moja, na hazikuwa mahali pengine popote. Mtandaoni sikuziweka, sikutaka mama akae kwa watu nisiowajua.

Muuza duka akaweka eksteno mbili, diski za nje za kuhifadhia kazi, juu ya kioo cha kaunta. Moja ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, ina waya mmoja tu. Nyingine nene kama Biblia ya mimbarini, ina adapta yake.

"Hii ndogo inakula umeme wa kompyuta," akasema. "Hii kubwa unaichomeka ukutani, inajitegemea."

"Na wewe unataka ninunue kubwa."

"Mimi nataka ununue yoyote, dada. Ila kompyuta yako ni mzee. Atawezaje kumlisha mgeni?"

Mama muuza asali, aliyekuwa ameegemea kaunta akisubiri simu yake ipate chaji, akacheka. "Wewe si mtoto wa hapa? Mpagazi mwenye posho yake na mpagazi anayekula posho ya mwenzake, nani anafika Ujiji?"

"Anayekula ya mwenzake," nikasema. "Mzigo wake mwepesi."

"Anafika, na mwenzake amemzika njiani."

Tukaijaribu ile ndogo. Taa yake ikawaka, ikatoa mlio, tik, tik, kama mtu anayetafuta neno, kisha ikatoweka kwenye skrini. Niliutazama mkono wa muuza duka. Ulikuwa umeshika waya, na nikawa na hakika ameubana.

"Chomeka mwenyewe," akasema.

Nikachomeka. Tik, tik. Nikahamia tundu jingine. Tik. Akaichukua, akaichomeka kwenye kompyuta yake, nayo ikazunguka kimya na kufunguka. Hilo nalo nililitilia shaka.

"Ungekuwa na kompyuta mpya ningekupa hii hii," akasema bila kukasirika. "Ungekwenda nayo hata Lusu, shambani, husumbuki na soketi. Hiyo kubwa umeme ukikatika ni tofali."

Nikanunua tofali, kama mtu anayekunywa dawa ya mganga asiyempenda.

Nyumbani ninaishi na mama mdogo, mdogo wake mama. Nilichomeka kompyuta na eksteno kwenye ekstensheni moja ya umeme mezani, nikazichagua rekodi zote. Hapo ningeweza kunakili, zikabaki pande zote mbili. Sikunakili, nilihamisha. Kesho yake kompyuta ilikuwa inakwenda kwa fundi, na sikutaka fundi amsikie mama akiimba. Kwa hiyo rekodi zikawa zinavuka moja moja, zikifutika huku na kuonekana kule.

Mchana ule wingu lilitoka upande wa Nzega, jeusi upande mmoja. Nikatoka kuanua nguo. Ngurumo ya kwanza ilinikuta kwenye kamba, ya pili ikanifikisha mlangoni.

Radi kwetu si hadithi. Ikinguruma, vioo vinafunikwa, nguo nyekundu zinafichwa, na kila kilichochomekwa ukutani kinachomolewa. Nilipoingia, kioo kilikuwa tayari chini ya kanga, na ekstensheni imeviringishwa vizuri juu ya kiti. Kompyuta ilikuwa bado inawaka kwa betri yake. Eksteno ilikuwa kimya.

"Umechomoa?" nikamuuliza mama mdogo.

"Radi haichagui, mwanangu. Nimekuokolea kitu chako."

Tukangoja mvua iondoke. Nilipochomeka tena, rekodi kumi zilifunguka. Ya mwisho ilikuwa na jina tu, ndani hakuna kitu. Kwenye kompyuta haikuwepo tena, ilishafutwa kabla eksteno haijamaliza kuiandika. Nilitafuta hadi kwenye takataka zake.

Nikamshuku mama mdogo. Hakuwahi kuzipenda rekodi zile. Aliwahi kusema marehemu haitwi kila siku. Nikamuuliza waziwazi kama alifanya makusudi.

"Nilijua waya ni wa umeme," akasema. "Sikujua dada yangu anapita mle."

Baada ya hapo akabaki wa kushukiwa mmoja tu, yule aliyehamisha badala ya kunakili kwa kumwogopa fundi ambaye hata hajamwona. Muuza duka alikuwa amesema kweli tupu kuhusu lile tofali, na hilo sikuweza kumsamehe.

Rekodi iliyopotea ilikuwa ya siku mama aliposimulia jinsi babu yake alivyorudi kutoka pwani. Sikuwa nimeisikiliza tangu siku ya kuirekodi. Ninachokumbuka ni kwamba alirudi mikono mitupu, akalala nje ya boma siku tatu kabla ya kuthubutu kuingia. Nilimwambia hivyo mama mdogo. Akatikisa kichwa.

"Nilikuwepo, nabangua naye. Babu alirudi na sindano, pakiti nzima, na mwanamke wa Kigogo. Ndiyo maana alilala nje. Mke wake alimfungia."

"Mama alisema hivyo?"

"Alisema. Wewe ulikwenda kuchota maji, simu ukaiacha pale."

Ni kweli nilikuwa nikiacha simu inarekodi na kwenda kwenye shughuli zangu. Lakini pia alikuwa amenichomolea mama yangu ukutani, na mtu mwenye deni la namna hiyo anaweza kukupa mwanamke mzima wa Kigogo ili usilie. Nikaweka simu kati yetu, nikabonyeza, nikamwomba arudie. Akarudia, maneno yaleyale. Nikamtega.

"Huyo mwanamke, jina lake nani?"

Akanisogezea simu.

"Hilo dada hakusema."

Nilingoja. Mwongo angempa yule mwanamke jina. Kanga ilikuwa bado juu ya kioo, na yeye hakuongeza neno.